Laki Saba za Macho

Kompyuta ilizimika mbele ya watu, na hilo ndilo lililomuuma Mama Taipu kuliko kuzimika kwenyewe. Nyumbani ilikuwa ikizimika mara tatu kwa siku na hakuna aliyeshtuka. Lakini pale ilikuwa juu ya meza ya kioo ya ofisi ya mawakili, bawaba yake imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na herufi ya M imeng'oka ikabaki kijipele cha plastiki. Ilitoa mlio kama wa mtu anayemeza vibaya, kioo kikawa cheusi.

Karani wa mapokezi, msichana aliyenyoosha nywele zake hadi mabegani, aliigusa kwa ncha ya kidole akakirudisha haraka.

"Mama, hii ni laptopu au ni pasi? Inaunguza!"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Mama Taipu naye akacheka, maana mtu akichekwa akiwa anatafuta kazi hana budi kusaidia kucheka.

"Imechoka na joto tu," alisema. "Ikipoa inawaka."

"Sasa utaweza kweli? Wakili amesema kazi hii si ya kubahatisha. Rekodi ni saa kumi na nane. Ni wale wafanyakazi wa kiwanda cha magunia waliokatwa vidole na mashine, halafu wakafukuzwa. Wamehojiwa mmoja mmoja, kumi na mmoja. Kila neno lao liandikwe kama lilivyotoka. Tunataka Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu saa sita wakili anasimama mbele ya hakimu."

"Nitaweza."

"Ukileta kwa wakati, laki nane, unaondoka nazo siku hiyohiyo. Na wakili akipenda mkono wako, kazi za namna hii kila mwezi zipo." Karani alimnakilia rekodi kwenye flashi, akaisukuma juu ya meza. "Ukichelewa, mama, mimi simo."

Mama Taipu aliifunga kompyuta yake kwa ule mpira, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa, akaaga kwa heshima kubwa kuliko iliyohitajika. Nje aliikumbatia kifuani na joto lake likapenya nguo hadi kwenye ngozi.

*

Mumewe alimjua kwa hatua. Alikuwa mwalimu wa jiografia hadi mwaka juzi, alipoanza kuzikosa kingo za ubao na wanafunzi wakagundua kwamba ukikaa pembeni kabisa ya darasa hakuoni. Presha ya macho, walisema hospitali. Inakula pembeni kwanza, inakuja katikati polepole kama panya kwenye mkate. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kinachobaki kinaweza kuokolewa kwa upasuaji, na daktari bingwa wa upasuaji huo alifika hospitali yao mara moja tu kila miezi mitatu.

Jina la Mwalimu lilikuwa kwenye orodha. Siku yake ilikuwa Jumatano, siku tano baada ya ile Ijumaa ya karani. Gharama ilikuwa laki saba, na laki saba zilikuwapo, zimetunzwa benki. Tano walizichanga wenyewe kwa mwaka na nusu. Mbili zilitoka kwa wifi, dada mkubwa wa Mwalimu, mama wa maneno machache na kumbukumbu ndefu.

"Mume mwenzangu kaamkaje leo?" aliuliza Mwalimu kutoka kitini. Ndivyo alivyoiita kompyuta, kwa sababu mkewe alikesha nayo, aliipepea, na akaipa usikivu ambao yeye alidai hajawahi kuupata.

"Kanitia aibu mbele za watu."

Akamsimulia yote. Mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama alivyozoea siku hizi ili ampate mtu katika kile kitundu cha mwanga kilichobaki.

"Laki nane," alisema mwishowe. "Na kila mwezi?"

"Wakipenda mkono wangu."

"Mkono wako nani asiyeupenda? Tatizo si mkono, ni huyo mgonjwa."

Binti yao, aliyekuwa akijiandaa na mtihani wa mwisho wa sekondari mezani, alisema bila kuinua kichwa, "Si mnunue tu nyingine?"

"Soma, mwanangu," alisema mama yake.

*

Fundi wa kompyuta alikuwa na kibanda kwenye ngazi za jengo la maduka, mahali palipokusudiwa ndoo za usafi. Kuta zake zilijaa kompyuta zilizotobolewa matumbo. Aliifungua ya Mama Taipu, akapuliza vumbi, akanusa ndani kama mpishi.

"Mama, mimi hapa naletewa maiti, halafu naulizwa kama zitapona."

"Hii haijafa, fundi. Inazimika na kuwaka."

"Ndivyo wanavyokufa wazee." Alichokonoa kwa bisibisi. "Sikiliza, nikwambie ukweli ili kesho usinilaumu. Betri haipo, hapa pana ganda la betri. Diski imechoka, ndiyo maana inagoma kufungua faili. Hivi viwili nabadilisha, laki mbili na elfu ishirini, kesho jioni unachukua, na itakimbia kama kijana. Lakini ubao wake mama, huu mkubwa unaobeba vyote, umeungua hapa na hapa. Unaona weusi? Unaweza kudumu mwaka, unaweza kudumu wiki. Nitakuwa nimemvalisha mgonjwa suti mpya."

"Na nzima kabisa?"

Fundi alivuta chini ya meza kompyuta nyeusi, nyembamba, akaipangusa kwa kiganja. Imetumika ofisini miaka miwili, alisema, betri inakaa saa sita, umeme ukikatika wewe unaendelea tu na kazi yako. Aliiwasha. Ikawaka kabla Mama Taipu hajamaliza kupumua. Aliweka vidole juu ya herufi na M ilikuwapo, laini, imekaa mahali pake. Aliandika jina lake, akaliangalia, akalifuta.

"Laki sita, na hiyo nimekuhurumia. Ukisema sasa naiweka kando hadi kesho. Kesho kutwa sikuahidi."

Aliirudisha mikono yake mapajani.

*

Walibishana jioni hiyo kwa sauti ya chini, kama watu wanaojua ukuta wa jirani ni mwembamba.

"Chukua laki sita," alisema Mwalimu. "Nunua ile nzima. Ijumaa unaleta laki nane, Jumatano mimi naenda hospitali, na laki mbili zinabaki za chenji. Hii hesabu haihitaji macho."

"Na isipoleta?"

"Kwa nini isilete?"

"Wakili akasema subiri. Karani akaugua. Hujui ofisi za watu? Benki itabaki laki moja, na wewe uko kwenye orodha. Nitamwambia nini dada yako? Kwamba laki mbili zake alizotoa kwa ajili ya macho ya ndugu yake, mimi nimekwenda kununulia kompyuta?"

"Dada yangu haishi humu."

"Maneno yake yanaishi humu."

Ilikuwa kweli. Wifi hakuwahi kumtukana Mama Taipu hata siku moja. Alikuwa akiuliza tu. Kwani kazi hiyo ya kubonyezabonyeza inalipa? Kwani mlisubiri nini hata macho yakafika huko? Maswali yake yalikaa nyumbani wiki nzima baada ya simu kukatwa.

"Tutengeneze hii hii," alisema Mama Taipu. "Laki mbili na ishirini. Hata mambo yakiharibika, benki kunabaki laki nne na themanini, tunajua pa kuanzia."

"Fundi amekwambia ubao umeungua."

"Amesema unaweza kudumu mwaka."

"Amesema pia wiki."

"Mimi nahitaji siku kumi tu!"

Mwalimu alinyoosha mkono kutafuta wake juu ya meza, akaukosa kidogo, akaupata. "Mke wangu, nusu ya daraja si daraja. Ama tuvuke, ama tukae ng'ambo hii tujue tumekaa. Ukichota kidogo kidogo kwenye pesa ya macho utaikosa pesa na utakosa na kompyuta."

"Maneno ya darasani hayo. Mimi ndiye nitakayeulizwa."

Mwalimu alijua mkewe hakuwa akiogopa hasara peke yake. Alikuwa akiogopa kuonekana mwanamke aliyenunua kitu kizuri wakati mumewe anapofuka. Mtu mwenye pesa hukosea akajiita mwenye bahati mbaya. Asiye nazo akikosea huitwa mjinga, na akiwa mke huitwa na mengine. Kwa hiyo walitoa laki mbili na elfu ishirini, na ile nyembamba nyeusi ikanunuliwa na mtu mwingine siku iliyofuata kabla ya adhuhuri.

*

Na ilikimbia kweli. Siku ya kwanza Mama Taipu alipoiwasha na ikafunguka bila kupepewa, alicheka peke yake. Kasoro ilikuwa moja: ukicheza rekodi na kuandika kwa pamoja, ilikuwa ikijivuta, maneno yakitokea kwenye kioo sekunde nzima baada ya kidole. Kwa mwendo ule asingemaliza.

Mwalimu ndiye aliyepata dawa. "Tia sauti kwenye simu yangu. Mimi nasikiliza, nakusomea. Miaka ishirini na sita nimesomea watoto imla, itanishinda kukusomea wewe?"

Basi wakakaa mezani ana kwa ana kuanzia asubuhi binti akiondoka kwenda shuleni hadi anaporudi, Mwalimu na waya masikioni, Mama Taipu na vidole tayari. Alisikiliza sentensi, akasimamisha, akaitamka taratibu kwa sauti yake ya darasani, nukta na mkato mahali pake.

"'Nilimwambia msimamizi, mkato, hii mashine haisimami ukiizima. Nukta. Akaniambia, mkato, kwani wewe ukizimwa unasimama? Alama ya kuuliza.'"

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema. Andika."

Shahidi wa nne alikuwa mwanamke. Alieleza jinsi alivyopewa bahasha ya nauli siku alipotoka hospitali akaambiwa asirudi, na jinsi alivyojifunza kufunga vifungo vya sare ya mwanawe kwa vidole viwili. Mwalimu alisoma hadi hapo akairudisha rekodi nyuma. Mama Taipu alisubiri, vidole juu ya herufi. Kisha Mwalimu akaendelea, sauti yake imeshuka kidogo.

Zilikuwa siku nzuri, jambo ambalo wote wawili waliona haya kulisema. Tangu aache kufundisha, Mwalimu hakuwa amefanya kazi yoyote ambayo mtu mwingine aliihitaji. Sasa saa nne alikuwa akidai chai kama mtu anayeistahili. Binti akirudi alisoma kurasa za siku ile, akasahihisha, na kila jioni Mama Taipu aliziweka kwenye flashi na flashi akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Jumatano ya wiki ya pili, kufikia mchana, walikuwa wamemaliza saa kumi na tatu kati ya kumi na nane. Walikuwa ndani ya wakati.

Mchana huohuo umeme ulikatika, na betri mpya ikashika kazi kama fundi alivyoahidi. Mama Taipu aliigonga kompyuta mgongoni kwa upendo. Baada ya dakika ishirini umeme ulirudi kwa kishindo, taa ikawaka mwanga mkali mweupe kisha ikapasuka, na kutoka chini ya herufi ukapanda uzi mwembamba wa moshi.

"Nini hicho kinanuka?" aliuliza Mwalimu, waya ungali masikioni.

Mama Taipu alikuwa ameshachomoa waya ukutani. Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Akabonyeza tena. Alikibonyeza kwa muda mrefu hata kidole kikawa cheupe.

"Endelea kusoma," alisema.

"Imewaka?"

"Soma tu, mume wangu, nakusikiliza."

Mwalimu hakusoma. Alivua waya masikioni taratibu, akauzungusha kwenye simu.

*

Fundi aliitazama mara moja akatikisa kichwa, akasema betri na diski ni nzima, na kwamba yeye alikwishaonya. Hakuwa na mashine ya kuazimisha. Ile ya laki sita ilikwishakwenda na nyingine ya namna ile ilikuwa laki sita na nusu. Benki kulikuwa na laki nne na themanini.

Ilibaki njia moja. Karibu na soko palikuwa na duka la huduma za uchapaji, kompyuta sita kwa kulipa kwa saa. Mwenyewe alikuwa msichana ambaye miaka kadhaa nyuma Mama Taipu alimfundisha kuchapa bila kutazama vidole, sebuleni kwake, bure.

"Mama! Za siku?" alisema msichana. Hakuwa na ubaya. "Unataka kuchapisha kitu?"

"Nataka mashine. Siku mbili, tatu."

"Saa moja ni elfu moja na mia tano. Nitakukalisha ile ya mlangoni. Lakini wakija wanafunzi wa kuchapisha itabidi unipishe kidogo, maana ile ndiyo imeunganishwa na printa."

Walikuja wengi. Kila baada ya nusu saa Mama Taipu aliinuka, akasimama ubavuni mwa kiti ameshika pochi mbele yake kama mtu anayesubiri kuhojiwa, huku kijana akichapisha kurasa zake na kuuliza kama huyu mama ni mfanyakazi wa hapa, amletee karatasi. Mara mbili alimletea. Mwalimu hakuweza kukaa pale. Palikuwa na kelele na hakuna kiti. Kwa hiyo Mama Taipu alisikiliza peke yake, waya sikio moja, sikio la pili amelifunika kwa kiganja asisikie redio ya duka.

Alhamisi aliandika saa moja na nusu za rekodi. Ijumaa asubuhi alimpigia karani, akaeleza, akaomba hadi jioni.

"Mama, jioni hakimu atakuwa kwake anakula," alisema karani. "Mimi nilikwambia."

"Nikuletee hizi zilizo tayari?"

Ikasikika sauti ya karani akizungumza na mtu pembeni. "Wakili anasema nusu haimsaidii. Hao waliobaki ndio mashahidi wakubwa."

Aliendelea kuandika. Ijumaa yote, Jumamosi hadi duka lilipofungwa. Jumapili halikufunguliwa. Jumatatu saa nne na robo alipanda ngazi za ofisi ya mawakili na kurasa mia tatu na kumi na mbili ndani ya bahasha, zimesahihishwa, bila kosa hata moja la herufi.

Wakili alitoka mwenyewe. Alizipitia pale pale amesimama, akisoma huku na huku.

"Kazi safi," alisema. "Kazi safi sana. Ijumaa nilisimama mbele ya hakimu mikono mitupu, mama. Kesi imeahirishwa miezi minne. Wale watu walikuja wote kumi na mmoja, mmoja amesafiri siku nzima."

"Kompyuta yangu..."

"Nimeambiwa." Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tutakulipa laki sita. Peleka hati ya madai kwa mhasibu."

Mhasibu aliipokea hati, akaigonga muhuri, akamrudishia nakala. Malipo ya waliochelewa, alieleza, huingia kwenye foleni ya mwisho wa mwezi.

"Mume wangu anapasuliwa macho keshokutwa."

"Pole sana, mama," alisema mhasibu, na alionekana kumaanisha. "Mwisho wa mwezi."

*

Walizunguka Jumanne nzima wakitafuta wa kuwakopesha. Ilikuwa tarehe kumi na nane, katikati ya mwezi, mifuko ya watu imekauka, na aliyekuwa na chochote alikuwa nacho kwa ajili ya jambo jingine. Jumatano asubuhi walifika hospitali na laki nne na tisini. Mwalimu alikuwa amefunga tangu usiku kama alivyoagizwa. Alivaa shati la kazini.

Kwenye dirisha la malipo mtu aliyekuwa nyuma ya kioo alihesabu haraka kwa mashine, akahesabu tena.

"Hizi hazitoshi."

"Tunajua," alisema Mama Taipu. "Zilizobaki zinaingia tarehe thelathini. Hii hapa hati ya ofisi, ina muhuri."

"Mama, mimi siwezi kuingiza muhuri kwenye mashine."

"Daktari yuko hapa leo tu."

"Ndiyo maana nyuma yako kuna watu." Alizirudisha noti chini ya kioo, zimepangwa vizuri kuliko alivyozipokea. "Mkikamilisha, mtaandikiwa safari ijayo. Afuataye!"

Mwalimu alimshika mkewe bega. "Twende nikanywe chai," alisema. "Njaa inaniuma."

Simu ya wifi iliingia wakiwa bado getini. Mama Taipu aliitazama ikilia. Mwalimu, aliyeisikia, alinyoosha kiganja.

"Dada, shikamoo. Hapana, bado. Hospitali wameahirisha. Sijui, mambo yao, vifaa sijui nini. Miezi mitatu. Ndiyo. Ndiyo dada, tutangoja."

Akamrudishia simu.

*

Laki sita ziliingia tarehe thelathini. Laki saba zikatengwa benki, zilizozidi zikaishia kwenye madeni na kodi ya nyumba, na safari hii hakuna aliyezigusa zile saba, hata binti alipohitaji ada ya mtihani. Kompyuta iliyokufa ikauzwa kwa fundi, elfu arobaini, kwa ajili ya diski na betri yake. Simu ya ofisi ya mawakili haikulia. Mama Taipu aliajiriwa na yule msichana wa duka la uchapaji, kwa mshahara wa siku. Alikaa kwenye mashine ya mlangoni na sasa vijana walipouliza kama ni mfanyakazi wa hapa, jibu lilikuwa ndiyo.

Mwalimu hakulalamika. Lakini mwezi wa pili alianza kumimina chai pembeni ya kikombe, na mwezi wa tatu Mama Taipu alimkuta amesimama uani, amefunika jicho la kulia kwa kiganja, anageuza uso huku na kule kuelekea jua.

"Unafanya nini?"

"Natafuta," alisema.

Siku ilipofika, wifi alikuja. Alisafiri mwenyewe, hakutaka kuambiwa kwa simu. Waliingia kwa daktari wote watatu. Daktari bingwa alikuwa mama mfupi, mwenye haraka. Alimulika jicho la kulia, akaandika. Alimulika la kushoto, akakaa nalo muda mrefu, akazima taa yake.

"Mzee, la kushoto limekwisha. Hapa sina cha kupasua. Tutaokoa kilichobaki huku kulia." Alifunua faili. "Mbona ulikuwa kwenye orodha yangu safari iliyopita? Nilikuwa na nafasi yako. Jicho hili lilikuwa linaona. Ilikuwaje hukuja?"

Wifi aligeuka. "Si hospitali iliahirisha?"

"Nani aliahirisha? Nilipasua watu kumi na tisa siku ile."

Mama Taipu alifungua kinywa. Maneno yalikuwa yamejipanga. Miezi mitatu yalikuwa yamejipanga. Chini ya ukingo wa meza Mwalimu aliukamata mkono wake, mara hii bila kuukosa, akaubana hata pete ikamuumiza.

"Nilisahau tarehe," alisema.

"Ulisahau?"

"Nilidhani ni Alhamisi. Nilipogundua nikaona aibu, nikawadanganya nyumbani kwamba mmeahirisha. Mke wangu hakujua."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mtu ulikuwa mwalimu. Unasahau tarehe ya macho yako?"

"Uzee, daktari."

"Huo si uzee. Huo ni uzembe," alisema daktari, na alisema kwa sauti ambayo waliokuwa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi, waliisikia yote. Mwalimu aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa hajafanya zoezi. Alisaini karatasi mahali alipoonyeshwa, herufi zikatoka nje ya mstari, na muuguzi akamshika mkono kumpeleka ndani.

Mlangoni Mama Taipu alimfuata hatua mbili. "Kwa nini?" alimnong'oneza.

"Mimi ni ndugu yake," alisema Mwalimu. "Mimi atanisamehe."

Mlango ukafungwa. Mama Taipu alibaki kwenye benchi na viatu vya mumewe mapajani. Wifi alikwenda mwisho wa ukumbi, akasimama dirishani akiwapa watu mgongo, mabega yake yakitikisika. Alipotulia alirudi, akaketi karibu, karibu kuliko alivyowahi kuketi miaka yote ile, akauweka mkono wake juu ya goti la mke wa ndugu yake.

"Pole, wifi," alisema. "Kumbe ndugu yangu anakutesa hivi na wewe unanyamaza. Na mimi siku zote nilikuwa nakudhania wewe."

Mama Taipu aliviangalia vile viatu. Muuguzi alipita na sinia la vyombo, mlango ukafunguka, ukafungwa tena.

"Ahsante, wifi," alisema.